Jinsi ya kufuatilia kashfa za JBS bila kuchanganya mambo

Anza kwa kutenganisha tuhuma. JBS, kampuni ya nyama iliyoanzia Anápolis, Brazil, mwaka 1953, inasemwa kwa mengi, na watu huyatia yote kapu moja. Mimi huandika daftarini: nani katuhumiwa, kwa lipi, na iliishaje. Mwaka 2017, kwa mfano, aliyekubali kulipa faini ya reais (fedha za Brazil) bilioni 10.3 kwa kosa la kutoa rushwa ni J&F, kampuni mama. Udukuzi wa 2021, ambapo JBS iliwalipa wadukuzi dola milioni 11, uweke kando. Pale wao ndio waliotendewa.

Kwenye ng'ombe wa Amazon ndipo pa kukaza macho. Kampuni ikisema wauzaji wake wamekaguliwa, uliza: ni wale wa moja kwa moja tu? Ndama anaweza kuzaliwa palipofyekwa msitu kinyume cha sheria, akahamishiwa shamba safi kunenepeshwa, kisha akafika machinjioni na karatasi zisizo na doa. Kibali cha kusafirisha mifugo, GTA, huonyesha alikotoka na anakokwenda kwa kila safari. Tafuta ripoti zilizounganisha vibali hivyo kimoja baada ya kingine. Inayotaja shamba la mwisho pekee, mimi siitegemei.