Resori ya kitasa cha zamani imevunjika? Usitupe kitasa, tengeneza resori ingine

Wenye tunakaa Bukavu kwenye nyumba za wakati wa Wabelgiji, upande wa Muhumba, Nyawera na kule La Botte, tunajua milango yake: mbao nzito, mkono wa shaba ya njano, na kitasa kirefu kimezamishwa ndani ya ubao wenyewe. Siku moja unaamka asubuhi unashika mkono unaanguka chini haurudi, ao ufunguo unazunguka tu hausukumi kitu, na jirani anakwambia nenda kanunue kingine. Mimi nasema usinunue kwanza. Kile cha bei ya chini chenye utapata sokoni mara nyingi ni bati nyepesi, na sanduku yake haitakaa vizuri kwenye tundu ya zamani, utaanza kuchimba mlango mzuri wenye hauna kosa. Na chenye kimekufa ndani mara nyingi ni kachuma kamoja tu kembamba kama ukucha, resori, wengine wanaita springi.

Kwanza uelewe kinavyofanya kazi. Ndani kuna vibati vimepangwa moja juu ya kingine, tunaviita leva. Ufunguo ukiingia unavinyanyua, na kila kimoja lazima kifike urefu wake kamili, kisizidi wala kisipungue, hapo ndipo ulimi wa kitasa, kile chuma kinachotoka kufunga mlango, unapata njia ya kupita. Ni akili ya Mwingereza Robert Barron, alipata hati yake ya uvumbuzi mwaka 1778, na mwaka 1818 Jeremiah Chubb akaongeza kitu cha kukwamisha kitasa kabisa leva moja ikinyanyuliwa kupita kiasi. Sasa kila leva iko na resori yake ya kuirudisha chini. Moja ikilegea, leva yake inabaki inaning'inia juu, ulimi hauna njia, kitasa kizima kinagoma. Leva zingine zote ni nzima, mwenye kosa ni yule mmoja.

Kukifungua: toa mikono na ile nondo ya pembe nne yenye inapita katikati, toa skrubu mbili za ukingoni mwa mlango, vuta kitasa pole pole. Kilaze kwenye kitambaa cheupe, ndipo ufungue kifuniko, na kabla hujagusa kitu piga picha na simu. Halafu toa leva moja moja, uzipange kwenye kitambaa kwa mstari vile zilikuwa, juu ukichanganya mpangilio ufunguo wako hautafungua tena. Safisha na mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Huku kwetu mvua ni nyingi na unyevu wa ziwa unaingia kila mahali, utakuta grisi ya miaka imekuwa udongo mweusi, na wakati mwingine resori haijavunjika, imenata tu, ukiisafisha kazi imeisha.

Kama imevunjika, tazama vizuri mahali imekatika. Karibu kila mara ni pale inapopindika ao pale imefungiwa, na ukisogeza karibu na mwanga utaona ukingo wa kutu wa zamani nusu na nusu ingine inang'aa, maana yake ufa ulianza kitambo.

Chuma ya kutengenezea usinunue mpya. Nenda Kadutu kwa wauza vyuma vya zamani, utafute bleda la msumeno wa mkono wa seremala, wa zamani, ao resori ya saa kubwa ya ukuta. Ya leva inatosha unene wa karibu nusu milimita, ya ulimi inaweza kufika milimita moja. Bati ya kawaida haifai hata ukiipasha mara mia, haina kaboni ya kutosha. Jaribu hivi: kata kipande kidogo, pasha mpaka kiwe chekundu, tumbukiza kwenye maji, halafu kipinde na koleo ukiwa umevaa miwani. Kikivunjika kama glasi ni chuma yako. Kikipinda tu, rudisha. Na kama muuzaji anakuletea kitasa kizima cha kutoa vipande, muulize kimetoka mlango gani, maana milango ya watu inaibiwa vitasa.

Sasa kazi yenyewe. Pasha kipande cha bleda cha kutosha resori kiwe chekundu, ukizike kwenye majivu kipoe pole pole usiku kucha, kitalainika. Kata resori kwa urefu wa bleda, usikate kwa upana. Kisha piga tupa kingo zake zote kwa urefu pia mpaka ziwe laini, juu mkwaruzo wowote wenye unapita kwa upana ndio mlango wa ufa, huo ndio ulivunja ile ya kwanza. Toboa tundu sasa, pinda sasa kwa kuzungushia kwenye msumari, usipinde kona kali.

Kuipa ugumu: washa makala kwenye mbabula, funga resori kwa waya mwembamba wa chuma, sufuria ya mafuta ya kupikia iwe hapo hapo karibu na mguu, mafuta yawe vuguvugu, na mfuniko wa sufuria mkononi maana yanaweza kushika moto. Usitumie petroli hata tone. Kazi hii ifanye jioni kwenye kivuli ili uone rangi vizuri. Chuma ikifika karibu digrii 770 sumaku haiishiki tena, hiyo ndiyo alama yako. Subiri kidogo tu kupita hapo, halafu haraka ndani ya mafuta, kwa kuwa kitu chembamba kinapoa njiani hata sekunde mbili. Maji usiyatumie kwa resori nyembamba. Mimi ya kwanza niliiweka kwenye maji na ikapasuka hata kabla sijaigusa, ya pili nikaiweka kwenye mafuta ila nikaharakisha kuifunga mlangoni bila hatua ya mwisho, siku ya tatu ikakatika mtoto wangu akiwa ndani ya chumba. Ilibidi nivunje mlango. Tangu siku hiyo hatua inayofuata siiruki kamwe.

Baada ya mafuta resori ni ngumu kama glasi, lazima uirudishe kidogo. Isugue na msasa mpaka iwe nyeupe inang'aa, iweke juu ya mchanga mkavu ndani ya sufuria ya zamani, mbabula iwe na moto wa taratibu, na usiondoe macho. Rangi itaanza kukimbia juu ya chuma: kwanza manjano ya majani makavu, karibu digrii 230, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu inakuja buluu, kama digrii 290 hadi 300. Buluu hiyo ikifunika resori yote kutoka ncha hadi ncha, itoe. Ukichelewa inakuwa kijivu na resori inalegea, rudi kwenye moto mwekundu uanze tena. Ndiyo hiyo hiyo buluu mafundi wa Uingereza walikuwa wanaitafuta kwa resori za bunduki za gumegume, moto wa kazi hii haujabadilika.

Ikipoa, ibane kwenye jiliwa na uisukume na kidole mara hamsini, lakini kwa umbali ule ule tu inaosukumwa ndani ya kitasa. Irudi mahali pake kila mara. Ikibaki imepinda, moto ulizidi.

Kurudisha: usiweke grisi kwenye leva, inakusanya vumbi. Kwaruza risasi ya penseli, unga wake mweusi unatosha, na tone moja la mafuta mepesi kwenye ulimi. Kabla ya kufunga kifuniko ingiza ufunguo na uuzungushe pole pole, uangalie nafasi za leva zote zinasimama kwenye mstari mmoja mbele ya ulimi. Kama moja inabaki juu, rekebisha pindo la resori yake kidogo, usiguse leva na tupa.

Na kama sanduku lenyewe limekufa kabisa na unataka kuagiza kingine nje, pima mambo matatu kabla ya kulipa: kina cha sanduku, urefu wa bati la ukingoni, na umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo. Vya Kiingereza vya leva 5 mara nyingi vina kina cha milimita 64 ao 76, vya Kifaransa umbali huo wa ukingo huwa 40 ao 50, na milango yetu mingi ya Bukavu ilipimwa kwa vipimo vya upande huo, sio vya Uingereza.