Kitambi kishuke, misuli ipande: vyuma kwa anayeanza

Anayeanza kunyanyua vyuma ana bahati ambayo mzoefu hana tena: mwili wake unaweza kujenga misuli na kupunguza mafuta kwa wakati mmoja. Misuli isiyozoea mzigo huitika haraka, na nguvu inayopungua kwenye chakula hufidiwa na mafuta yaliyohifadhiwa mwilini. Bahati hiyo hudumu miezi kadhaa tu, na wengi huipoteza kwa makosa mawili: kujinyima chakula mpaka misuli nayo inaisha, na kuamini mizani peke yake.

Mizani hudanganya zaidi mwanzoni. Misuli ikianza kufanya kazi huweka akiba ya glaikojeni (wanga unaohifadhiwa ndani ya misuli), na kila gramu ya glaikojeni hukaa na takriban gramu 3 za maji. Kwa hiyo wiki mbili tatu za kwanza uzito unaweza kupanda kilo moja au mbili huku mafuta yakipungua. Tafuta tepu ya fundi cherehani na daftari. Kila Jumamosi asubuhi, ukishatoka chooni na kabla ya chai, pima kiuno usawa wa kitovu. Toa pumzi kawaida, usibane tumbo. Uzito upime asubuhi tatu au nne kwa wiki, kisha uandike wastani wake. Kipimo cha siku moja hakina maana; ugali na chumvi za jana usiku vinatosha kukipandisha.

Mazoezi

Siku tatu kwa wiki zinatosha, mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Andaa mizunguko miwili na uipokezane: wiki hii A, B, A, wiki ijayo B, A, B.

A: skwati (kuchuchumaa na kuinuka) ukiwa umeshika dambeli, yaani chuma kifupi cha mkono, kifuani, kusukuma chuma kwenye benchi (au pushapu), kuvuta dambeli kuelekea nyonga kwa mkono mmoja, mwingine umeegemea benchi, kisha planki (kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka).

B: kuinamia chuma kwa nyonga, kusukuma dambeli juu ya kichwa, mashine ya kuvuta chini mpaka kifuani, kisha hatua ndefu za kushusha goti, mguu mmoja baada ya mwingine.

Kila zoezi ni seti 3 za marudio 8 hadi 12, isipokuwa planki, ambayo ni sekunde 30 hadi 45. Pumzika dakika 2 kati ya seti, na kwa mazoezi ya miguu hata 3. Wiki mbili za kwanza fanya seti 2 tu, na uache ukiwa bado unaweza kurudia mara nne. Baadaye acha ukiwa umebakiza marudio mawili. Utajua umefika hapo chuma kinapoanza kupanda polepole chenyewe, ingawa wewe unasukuma kwa nguvu zilezile.

Skwati ndiyo inayoharibiwa na wengi. Shika dambeli wima, kichwa chake cha juu kikae kwenye viganja viwili karibu na kidevu. Miguu iwe upana wa mabega, vidole vimegeukia nje kidogo. Vuta pumzi, kaza tumbo kama mtu anayesubiri kupigwa ngumi, kisha shuka mpaka viwiko vipite ndani ya magoti. Toa pumzi ukipanda. Visigino vikinyanyuka, vifundo vya miguu havijalegea vya kutosha: weka kipande chembamba cha ubao chini ya visigino uendelee. Magoti yakiingia ndani, dambeli ni nzito mno kwako leo.

Kuinamia chuma kwa nyonga jifunze ukutani. Simama umeupa ukuta mgongo, hatua fupi mbele yake, magoti yamelegea kidogo. Sukuma makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, chuma kikiteleza juu ya mapaja. Ukisikia nyama za nyuma ya paja zimevutika, umefika; rudi juu. Mgongo ukipinda ndipo wenye haraka huumia.

Kuongeza uzito kuna kanuni moja. Ukifikisha marudio 12 kwenye seti zote tatu, mara inayofuata ya zoezi hilo ongeza kilo 2.5 kwa mazoezi ya sehemu ya juu ya mwili, au kilo 5 kwa ya miguu, na urudi kwenye 8. Kwenye jimu za mtaani, zenye vyuma vya zege na gia za magari, ngazi hizo ndogo mara nyingi hazipo. Hapo fikisha marudio 15, au shusha chuma kwa sekunde 3, kabla ya kuhamia kizito. Pia pima vyuma hivyo kwenye mizani, kwa sababu namba iliyochorwa kwa rangi si ya kuaminika.

Sit-apu mia kila usiku haziondoi kitambi. Zinakaza misuli iliyo chini ya mafuta, na mwili ndio unaochagua mafuta ya wapi yatoke kwanza. Kwa wanaume wengi tumbo ni la mwisho. Kujifunga nailoni tumboni kunatoa maji, nayo yanarudi ukishakunywa. Na wanawake wanaohofia kutoka kama mabaunsa wasihofu: homoni zao haziruhusu hilo litokee kwa bahati mbaya.

Chakula

Lengo ni kupunguza kalori 300 hadi 500 kwa siku, si zaidi. Soda ya nusu lita ina kalori kama 210, na kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina 120. Ukiacha soda moja na kupunguza vijiko viwili vya mafuta umeshapata 450, na ugali hujaugusa. Wengi hukimbilia kukata ugali huku mchuzi ukielea mafuta.

Protini ndiyo inayolinda misuli. Kula takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 80 anahitaji kama 128. Mwenye uzito mkubwa sana apige hesabu kwa uzito anaoulenga. Mfano wa siku: mayai matatu (gramu 18) na glasi ya maziwa (8) asubuhi; kikombe cha maharage yaliyoiva (15) na samaki wa gramu 150 (karibu 35) mchana; kuku asiye na ngozi, gramu 150 (karibu 40), usiku. Hiyo ni 116, na ugali na mboga vinajazia. Bei ya kuku ikikushinda, dagaa wakavu ni mkombozi: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, ilimradi usiwazamishe kwenye mafuta. Karanga ni nzuri, ila ngumi moja ina kalori 170 na protini gramu 7 tu.

Lala kwa muda wa saa 7 hadi 9 kila usiku. Anayelala kwa muda wa saa 5 tu hupoteza misuli kwa urahisi zaidi akipunguza chakula, na njaa humwandama mchana kutwa. Siku zisizo za vyuma, tembea nusu saa au zaidi.

Baada ya wiki 4, fungua daftari

Kiuno kinapungua na vyuma vinaongezeka: usibadilishe kitu, hata kama uzito haujashuka hata kilo moja. Vyuma vinapanda ila kiuno kimegoma: punguza kalori 200 nyingine. Uzito unashuka zaidi ya asilimia 1 kwa wiki na vyuma vinarudi nyuma: unakula kidogo mno, ongeza. Kila kitu kimesimama: angalia usingizi, na vile vitafunwa vya ofisini ambavyo hukuviandika.

Maumivu ya misuli ya siku moja hadi tatu ni ya kawaida. Maumivu makali ya kiungo si ya kawaida. Mkojo ukigeuka kahawia kama chai ya rangi baada ya mazoezi mazito, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana misuli iliyovunjika inaweza kuharibu figo. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kuanza.

Siku itafika zoezi fulani litagoma wiki tatu mfululizo ingawa unakula na kulala vizuri. Lishushe uzito kwa asilimia 10 uanze kupanda upya. Mazoezi mengine yaendelee kama yalivyo.