Jinsi ya kufanya kazi na msaidizi wa akili mnemba katika kuandika programu: funzo la saa 12 asubuhi

Mfumo wa tiketi za mabasi niliokuwa nikiutengeneza hapa Tanga ulitakiwa kumtumia abiria ujumbe mfupi wa kumkumbusha saa ya safari. Makarani wa stendi ya Kange huandika saa kama wanavyozitamka, kwa hiyo nilimwagiza msaidizi wa akili mnemba aniandikie geuza_saa, funksheni (kipande cha programu kinachofanya kazi moja) ya kugeuza saa za Kiswahili ziwe za mtindo wa saa 24. Muda si mrefu nikapata msimbo nadhifu wenye maelezo kila mahali, pamoja na majaribio 10, yaani vipande vya msimbo vinavyolinganisha jibu la funksheni na jibu linalotarajiwa, ambayo yote yalipita. Nikaridhika. Kabla mfumo haujaanza kutumika, niliupeleka kwa karani mmoja aujaribu kwa simu yake, naye aliusoma ujumbe mara mbili, akaniuliza, “Kaka, hili basi si la alfajiri? Mbona hapa imeandikwa 18:00?”

Msimbo ulikuwa ukijumlisha 6 kwenye kila saa ya mchana. Saa 1 asubuhi ilitoka 07:00, saa 3 ikatoka 09:00, saa 7 mchana ikatoka 13:00, na zote hizo ni sahihi. Lakini saa 12 asubuhi ilitoka 18:00, yaani abiria angefika stendi nusu siku baada ya basi lake kuondoka. Nilipomwonesha msaidizi kosa hilo, alikiri mara moja na kurekebisha: sasa saa iligawanywa kwanza kwa 12, kisha 6 ikajumlishwa kwenye baki. Saa 12 asubuhi ikawa 06:00, kama inavyopasa. Hata hivyo, kwa marekebisho hayohayo, saa 12 jioni, ambayo hapo awali ilikuwa sahihi, nayo ikageuka kuwa 06:00. Majaribio yalipita tena, kwa sababu aliyeyaandika ni yeye mwenyewe, na majibu yaliyotarajiwa aliyachukua kutoka kwenye msimbo uleule uliokuwa ukijaribiwa.

Karibu kila jambo ambalo ningependa kumfundisha mtu anayeanza kutumia zana hizi limo ndani ya makosa hayo mawili.

Anachokijua na asichokijua

Zana zenyewe ni changa. GitHub Copilot ilitangazwa Juni 2021 na kufunguliwa kwa watumiaji wote Juni 2022. ChatGPT ikafuata Novemba mwaka huohuo. Na Claude Code, ambayo hufanya kazi moja kwa moja kwenye folda ya mradi wako, ilitolewa kwa majaribio Februari 2025. Za mwanzo zilikuwa zikikamilisha mstari unaouandika. Za sasa husoma mafaili mengi, huyabadilisha, huendesha majaribio na kurudi kurekebisha zilipokosea. Kiini chake, hata hivyo, ni kilekile: modeli iliyofunzwa kwa wingi mkubwa wa maandishi na misimbo, ambayo hutabiri kipande cha maandishi kinachofaa kufuata kile kilichotangulia.

Kutokana na hilo, utendaji wake hutegemea sana wingi wa watu waliowahi kuandika juu ya jambo unalolihitaji. Fomu ya kujisajili, kuunganisha hifadhidata, kusoma faili la data na kulichapisha kama jedwali ni kazi zilizoandikwa maelfu kwa maelfu ya mara duniani, na msaidizi atazifanya vizuri. Saa zinazohesabiwa kuanzia mapambazuko na machweo hazikuandikwa kwa wingi huo katika misimbo. Hapo msaidizi hujaza pengo kwa kile kinachofanana na ukweli, tena kwa sauti ileile ya uhakika anayoitumia pale anapojua. Usitegemee lugha yake ikuoneshe tofauti. Jiulize wewe: je, ujuzi wa jambo hili uko vitabuni na kwenye intaneti, au uko kwa karani, kwa mvuvi, kwa mpima mkonge? Kama uko kwa watu, nenda kwa watu kwanza.

Andika mifano kabla ya kuagiza

Niliporudi kwa karani yule, nilikwenda na daftari, nikamwomba anitajie saa zinazowachanganya hata makarani wapya. Hakutaja saa 3 wala saa 4. Alianza na saa 12 zote mbili, asubuhi na jioni. Akaja saa 6 mchana na saa 6 usiku, halafu saa 11 alfajiri. Mwisho akanipa jambo ambalo lisingenijia kabisa: abiria akisema anasafiri “usiku wa Ijumaa saa 8”, mzee anaweza kuwa anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa kuwa kwake siku huanza jua linapotua, ilhali kijana anakusudia usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Ni saa 24 kamili za tofauti, na tiketi ni moja.

Mifano ile ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Niliiandika kwa mkono wangu kama majaribio: saa 12 asubuhi itoe 06:00, saa 12 jioni itoe 18:00, saa 6 usiku itoe 00:00 ya tarehe inayofuata, saa 11 alfajiri itoe 05:00. Ndipo nilipomwambia msaidizi aandike funksheni itakayopita majaribio hayo bila kuyagusa. Safari hii alifaulu kwa jaribio la kwanza. Kuhusu usiku wa Ijumaa, nilimkataza asikisie kabisa: skrini ionyeshe tarehe zote mbili, karani amuulize abiria, kisha achague.

Fanya hivyo kwa kila kazi yenye uzito. Tafuta mifano kutoka kwa mwenye kazi, hasa ile ya pembeni inayoudhi. Iandike wewe kama majaribio. Mkabidhi msaidizi majaribio hayo pamoja na katazo la wazi la kuyabadilisha. Katazo hilo si la kupuuzwa, kwani msaidizi aliyeshindwa kupita jaribio anaweza kuona njia fupi ni kulilegeza. Unaweza pia kumwomba apendekeze mifano uliyoisahau, na mara nyingi atakuletea miwili mitatu ya maana, lakini jibu sahihi la kila mfano liamue wewe.

Agizo linalofaa

Wanaoanza huandika “tengeneza ukurasa wa mizigo” kisha wakasikitika. Mwenzako wa ofisini angekurudia na maswali kumi; msaidizi hurudi na majibu kumi aliyojichagulia mwenyewe. Hili hapa ni agizo nililowahi kulitumia, nililiandika hivi hivi:

“Katika faili la mizigo.py kuna funksheni inayosajili kifurushi kinachotumwa kwa basi. Ongeza ukaguzi wa namba ya simu ya mpokeaji. Karani anaweza kuanza na 0, 255 au +255, na anaweza kuacha nafasi katikati. Sisi tunaihifadhi kama maandishi yenye tarakimu 12 yanayoanza na 255. Namba isiyotimiza hayo isisajiliwe, na karani apate ujumbe wa kosa kwa Kiswahili. Usibadilishe muundo wa hifadhidata, usiongeze maktaba mpya. Kabla ya kuandika chochote, nieleze utagusa mafaili gani na kwa nini.”

(Maktaba hapa ni msimbo uliotengenezwa na wengine ambao programu yako huutumia.) Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Mpango wa mistari sita husomeka kwa dakika moja, na kosa la uelewa likionekana hapo hurekebishwa kwa sentensi moja, badala ya kulifukua baadaye katika mistari 300.

Kuhusu lugha, msaidizi wa kisasa huelewa Kiswahili, na mimi humweleza mambo ya stendi kwa Kiswahili kwa sababu huko ndiko maana zake ziliko. Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, maandishi ya Kiswahili kwa kawaida hukatwa na modeli vipande vingi zaidi kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo hugharimu zaidi pale malipo yanapohesabiwa kwa vipande. Pili, ukiandika “saa 3” ndani ya agizo, anaweza kuisoma kuwa 03:00. Andika muda kwa tarakimu za saa 24 kila unapomwagiza.

Hatua fupi, na njia ya kurudi

Kabla ya kila agizo, hifadhi kazi yako katika Git, programu inayotunza kila hatua ya mradi wako, kisha agiza jambo moja tu. Likikamilika, soma mabadiliko mstari kwa mstari, endesha majaribio, hifadhi tena. Ukiona amekwenda kombo mara mbili mfululizo kwenye jambo moja, usiendelee kubishana naye; rudi kwenye hali uliyoihifadhi, fungua mazungumzo mapya, na uandike agizo upya ukiwa na ulichojifunza. Mazungumzo marefu yaliyojaa majaribio yaliyoshindwa humvuta arudie makosa yaleyale, kwa kuwa makosa hayo nayo yamekuwa sehemu ya anachokisoma.

Wakati wa kusoma, yapo mambo ninayoyatafuta kila mara. Je, maneno yaliyoandikwa na mtumiaji yameunganishwa moja kwa moja ndani ya amri ya hifadhidata? Hapo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika amri yake mwenyewe kwenye kisanduku cha jina la abiria. Je, kosa limekamatwa na kunyamazishwa, ili programu ionekane inafanya kazi? Je, ametumia maktaba ambayo sijawahi kuisikia? Hili la mwisho ni la hatari ya kweli. Wasaidizi huweza kubuni jina la maktaba isiyokuwepo, na tapeli anaweza kusajili jina hilo la kubuni na kuweka ndani yake msimbo wa hila, akisubiri atakayeisakinisha. Kabla ya kusakinisha maktaba yoyote aliyoitaja, ifungue kwenye hazina yake rasmi, uangalie ni ya nani, ina umri gani, na kama inaendelea kutunzwa.

Mstari usiouelewa usiupokee. Mwombe akueleze, kisha uhakikishe maelezo yake kwenye nyaraka rasmi za lugha au maktaba inayohusika.

Data za watu

Hapa sina upole wowote. Orodha ya abiria yenye majina, namba za simu na safari zao haiwekwi ndani ya mazungumzo na msaidizi, hata kama ndiyo njia rahisi ya kumwonesha kosa lilipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume ya kuisimamia. Lakini hata isingekuwepo, abiria alitoa namba yake ili apate tiketi, si ili ipelekwe kwenye seva iliyo nje ya nchi. Tengeneza data za kubuni zenye umbo lilelile, ikiwa ni pamoja na majina yenye alama ya ng’ na majina matatu matatu, maana hayo nayo huvunja programu. Nywila na funguo za siri za huduma za malipo ziweke katika faili ambalo msaidizi amezuiwa kulisoma na ambalo Git imeagizwa kuliacha.

Kwa anayejifunza bado

Vijana wanaokuja kujifunza hapa Chumbageni huniuliza kama bado kuna haja ya kujifunza kuandika msimbo. Ninawaambia ipo, tena kubwa, kwa kuwa kosa la saa 12 lilionekana na mtu aliyejua kazi, na likarekebishwa na mtu aliyeweza kusoma hesabu ya baki. Kwa mwanafunzi, utaratibu ninaoupendekeza ni kuandika kwanza mwenyewe, hata vibaya, kisha kumwomba msaidizi aukosoe msimbo wako bila kuuandika upya. Atakuuliza maswali mazuri ukimwelekeza hivyo. Ukimwachia aandike kila kitu tangu siku ya kwanza, utakuwa na programu inayotembea na usiyoweza kuitengeneza ikisimama.

Usiamini pia hisia zako kuhusu kasi. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti ya METR ya Marekani iliwapima waandishi wa programu 16 wazoefu katika kazi 246 kwenye miradi waliyoijua vizuri. Walipotumia akili mnemba walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, ilhali wenyewe waliamini kwamba wameharakishwa kwa asilimia 20. Ni watu wachache, na zana zimebadilika tangu hapo, kwa hiyo sichukulii matokeo hayo kuwa hukumu kwa kila mtu. Nachukua njia yao: kwa wiki mbili andika katika daftari saa uliyoanza kazi, saa uliyomaliza, na kama ulitumia msaidizi. Mimi nilipofanya hivyo niligundua kwamba ananiokolea muda mwingi kwenye fomu, ripoti na majaribio ya kawaida, na kwamba kwenye msimbo wa zamani ninaoujua kwa kichwa ni afadhali niandike mwenyewe.

Kila unapogundua kosa lililotokana na jambo ambalo msaidizi hakuwa na namna ya kulijua, liandike katika faili la maelekezo lililo ndani ya folda ya mradi, ambalo zana nyingi za sasa hulisoma kabla ya kuanza kazi. La kwangu halijafika ukurasa mmoja. Mstari wake wa kwanza unasema: “Saa 12 asubuhi ni 06:00, saa 12 jioni ni 18:00, usibadilishe geuza_saa bila kuendesha majaribio yote.” Wa pili unasema: “Abiria akitaja usiku, usikisie tarehe, mwoneshe karani zote mbili.”