Soma chipu mara mbili kabla ya kuigusa BIOS

Ukitaka kompyuta ya ThinkPad X230 ikubali kadi ya Wi-Fi isiyo kwenye orodha ya mtengenezaji, ambayo kwa kawaida huikataa kwa kosa la 1802, itabidi ubadilishe BIOS, programu inayoiwasha mashine. Kwanza toa betri na chaja, kisha usome kila moja ya chipu zake mbili za BIOS mara mbili kwa CH341A, kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu kinachoungwa kwa klipu, na ulinganishe mafaili. Nimejifunza hili hapa Kigoma, ambako chipu ya akiba huipati duka la jirani. Klipu iliyolegea husoma data yenye makosa bila kulalamika, na nakala safi ndiyo itakayoifufua mashine mambo yakiharibika. Mafaili yakitofautiana hata baiti moja, bana klipu upya. Kompyuta yenye Boot Guard, teknolojia ya Intel iliyoanza 2013 na inayokagua BIOS mashine inapowaka, usiijaribu: haitawaka na BIOS iliyobadilishwa, heri kadi ya Wi-Fi ya USB.