Taja mahali kabla ya ugonjwa: kupima mfumo wa neva kwa pini, pamba na nyundo

Majeruhi wa bodaboda anafikishwa kituo cha afya, miguu haina nguvu. Mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, iko mbali, pengine Kampala. Mpangilio wa neva (mishipa ya fahamu) zenyewe, ukiujua, utakuonyesha palipoumia kabla hujaandika barua ya rufaa.

Kama ajali imegusa shingo, mtu mmoja ashike kichwa kisicheze muda wote wa upimaji. Ukimgeuza, mgeuzeni watu wanne kwa pamoja, mwili ukiwa mstari mmoja.

Hatua ya 1: Weka ramani kichwani

Ubongo na ugwe wa mgongo, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya pingili, ndio mfumo mkuu. Mfumo wa pembeni una jozi 12 za neva za kichwa na jozi 31 zinazotoka kwenye ugwe: 8 za shingo (C), 12 za kifua (T), 5 za kiuno (L), 5 za sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno (S), na 1 ya kifandugu. Shingo ina pingili 7 tu. Neva C1 hadi C7 hutokea juu ya pingili zao, C8 hutokea chini ya pingili ya saba, na kuanzia hapo kila neva hutoka chini ya pingili yake.

Kwa mtu mzima ugwe huishia karibu na pingili za L1 na L2. Chini yake kuna fungu la mizizi ya neva tu, ndiyo maana sindano ya kuchukua maji ya uti wa mgongo huingizwa kati ya L3 na L4 au L4 na L5. Kumbuka pia kwamba pingili ya T12 ikivunjika inaweza kuumiza sehemu ya ugwe inayohudumia kibofu, kwa hiyo usilinganishe namba ya mfupa na namba ya neva.

Hatua ya 2: Pima nguvu, 0 hadi 5

0 ni msuli usiocheza kabisa, 3 ni kiungo kinachoinuka dhidi ya uzito wake chenyewe, 5 ni nguvu kamili. Kukunja kiwiko ni C5, kuinua kifundo cha mkono C6, kunyoosha kiwiko C7, kukunja vidole C8, kutanua vidole T1. Kukunja nyonga ni L2, kunyoosha goti L3, kuinua unyayo L4, kuinua kidole gumba cha mguu L5, kukanyaga chini S1.

Kiwambo cha kupumulia hutegemea C3 hadi C5. Mwambie ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja. Akikatika mapema, andaa mfuko wa kumpumulisha.

Hatua ya 3: Pima hisia

Hapa ndipo wengi hukosea. Kwanza kubalianeni maneno mawili, la "inachoma" na la "butu", katika lugha anayoimudu mgonjwa, iwe Kiganda, Kiacholi au Kiteso. Mgusie usoni ajue tofauti, kisha afumbe macho. Ukiuliza "unasikia?" kila unapochoma, atajibu ndiyo hata pasipo na hisia. Pini ni ya mgonjwa mmoja, kisha itupwe kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha.

Panda kutoka miguuni: L5 juu ya unyayo, L1 kinena, T10 kitovu, T4 chuchu, kisha mikono: C8 kidole kidogo, C7 cha kati, C6 gumba. Usiishie kifuani. Ngozi ya juu ya kifua huhudumiwa na C4, hivyo mtu aliyeumia C5 anaweza kuhisi vizuri hapo, nawe ukaandika kimakosa kwamba ameumia kifua. Malizia kuzunguka njia ya haja kubwa (S4 na S5). Hisia ikibaki pale, ugwe haujakatika wote.

Hatua ya 4: Rifleksi

Rifleksi ni msuli kushtuka wenyewe kano yake ikigongwa kwa nyundo. Msuli wa mbele wa mkono ni C5 na C6, wa nyuma C7, goti L3 na L4, kisigino S1. Ugwe ukiumia, hatimaye rifleksi za chini huzidi. Lakini siku za kwanza zinaweza kutoweka kabisa, kwa hiyo kulegea peke yake kusikufanye useme ni neva ya pembeni.

Presha ikishuka, tafuta damu inayovuja kwanza. Mapigo yakiwa ya polepole na ngozi ina joto, fikiria jeraha la ugwe juu ya T6.

Mtoto ambaye unyayo unaning'inia

Unyayo ukianza kuning'inia mara baada ya sindano ya tako, rifleksi ya goti ipo, ya kisigino haipo na hisia ya unyayo imepungua, iliyoumia ni neva ya siatiki, ile kubwa inayopita takoni kwenda mguuni. Sindano ya mtoto mdogo ni ya paja, upande wa mbele na nje. Hata hivyo, kiungo chochote kilicholegea ghafla kwa mtoto wa chini ya miaka 15 kiripotiwe siku hiyohiyo kwa ajili ya polio. Chukua sampuli mbili za choo zilizopishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee, na uzihifadhi kwenye nyuzi 2 hadi 8.