Jinsi ya kuendesha duka dogo Dodoma bila kugombania wateja na majirani

Mtaa wowote uliochangamka hapa Dodoma, iwe Nkuhungu, Ipagala au Chang'ombe, una safu ya fremu zilizoshikana: bucha, saluni, fundi cherehani, mama lishe, na maduka mawili matatu ya vyakula. Anayefungua duka jipya huanza kwa kujiuliza atawapokonyaje wenzake wateja. Swali hilo limemaliza mitaji ya watu wengi. Majirani zako ndio wateja wako wa kwanza, na ndio watakaokuletea wengine. Mimi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Zunguka mtaa kabla ya kununua mzigo

Chukua daftari upite fremu kwa fremu asubuhi, mchana na baada ya magharibi. Andika kila mmoja anauza nini, na zaidi ya hapo, ananunua nini ili kazi yake iende. Mama lishe anahitaji mafuta, unga, chumvi, kiberiti na sabuni ya vyombo. Fundi cherehani akiishiwa uzi mweusi saa kumi jioni hawezi kwenda mjini. Akiupata kwako, kesho atakuja kuchukua na sukari. Wateja wa saluni wanakaa muda mrefu, kwa hiyo wanataka maji ya baridi, soda na vocha.

Kama jirani anauza sembe, wewe usianze na sembe. Weka dona, unga wa uwele na wa mtama. Wenyeji wanapenda ugali wa uwele na mlenda, na si kila duka linao. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, tumepokea pia watu wa mikoa mingi, na kila mmoja amekuja na chakula chake. Waulize wanachokikosa.

Hatua ya 2: Jitambulishe na uweke karatasi sawa

Salimia majirani wote, na mwenye duka linalofanana na lako umwendee mwanzo kabisa. Usisubiri asikie habari zako kwa watu. TIN, yaani namba ya mlipakodi, inatolewa bure na TRA (Mamlaka ya Mapato), kwa hiyo usimlipe dalali. Leseni fuatilia halmashauri ya jiji, na mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo.

Hatua ya 3: Pima kwa haki, kwako na kwa mteja

Hapa ndipo faida inapovujia. Mfuko wa sukari wa kilo 50 unatoa robo kilo 200. Ukizidisha gramu 5 kwenye kila robo, umegawa kilo nzima bure, na faida ya sukari ni ndogo mno kuvumilia hilo. Kwa hiyo usipime kwa macho wakati mteja amesimama na foleni inakusukuma. Funga robo na nusu mapema duka likiwa limetulia, na uzito wa kifungashio uuondoe kwanza kwenye mizani. Kupunja nako usijaribu: mama akiitilia shaka robo yako anavuka barabara kuipima kwenye mizani ya bucha, na jioni mtaa mzima unajua.

Hatua ya 4: Agizeni mzigo pamoja

Kirikuu moja, kile kigari kidogo cha mizigo, ikibeba mzigo wa maduka matatu, nauli mnagawana. Mnaweza kufika hadi soko la mahindi la Kibaigwa wilayani Kongwa, au kuchukua mafuta ya alizeti moja kwa moja kwenye mashine za kukamua. Kila mtu atoe hela yake kabla gari halijaondoka, na mzigo uhesabiwe wote mkiwepo. Undugu wa biashara huvunjika kwenye hesabu, kwa hiyo andikeni hata kama mnaaminiana.

Hatua ya 5: Usimwache mteja aondoke hivi hivi

Kitu huna? Mwelekeze: "Nenda kwa mangi pale kwenye kona, anacho." Nawaambia vijana wangu kila siku: mteja uliyemsaidia anarudi, na yule mangi, mwenye duka mwenzako, naye atakutumia wake. Chenji azimaneni, ila zirudi siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Tenga deni la biashara na deni la nyumbani

Mama lishe akichukua mafuta asubuhi na kulipa jioni baada ya kuuza, mpe bila wasiwasi, kwa sababu mafuta hayo yanazalisha hela ya kukulipa. Deni la nyumbani liwe na kikomo unachokitaja mapema kwa sauti ya upole. Daftari liwe na tarehe, na mteja aone unavyoandika. Deni la mtu usilitaje mbele ya mwingine, hata kama limechelewa.

Hatua ya 7: Fuata kalenda ya mji

Bunge la bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi Juni. Ukiwa karibu na nyumba za wageni, ongeza maji, sabuni ndogo na dawa ya meno. Ukiwa upande wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), wanafunzi wakienda likizo mauzo yanashuka ghafla. Wiki mbili kabla ya hapo acha kuagiza mikate, maziwa na mayai kwa wingi, na hela iliyobaki iweke kwenye mchele na maharage, maana hivyo vitawasubiri.