Jinsi ya kumkagua muuza bangili za sumaku kabla hujatoa hela

Ukiambiwa bangili inashusha presha, inaondoa sukari, inatibu magoti na kusafisha damu, we usibishane, muulize tu hiyo sumaku ina nguvu kiasi gani, wengi hapo ndo wanaanza kukuonyesha picha za wateja. Kisha toa pini, weka kanga iliyokunjwa mara kadhaa katikati uone kama bado inavutwa, maana nguvu ya kisumaku kidogo inaisha haraka sana ukikisogeza mbali, sasa ya kufika kwenye goti itatoka wapi na bangili iko mkononi?

Atakwambia damu ina chuma. Kweli ina, ila chuma cha kwenye damu hakivutwi kama msumari. Mashine nyingi za MRI (zile za kupiga picha za ndani ya mwili) ni tesla 1.5 mpaka 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), sumaku kubwa balaa, na mtu anatoka humo damu yake inazunguka kama kawa.

Akileta habari za utafiti mwambie na wewe unao: Chuo Kikuu cha York, Uingereza, 2013, wagonjwa 70 wa baridi yabisi walivaa kwa zamu za sumaku, za shaba na zilizotolewa sumaku, hakukuwa na nafuu ya maana kuzidi zile feki.

Kama umeipenda kama urembo vaa tu (zingine nzuri kweli), ila dawa za presha usiache, na mwenye pesimeka (kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo) asiisogeze kifuani, iwe mbali walau sentimita 15.